Mpinzani kakupa cheni ya roboti, halafu kakufunga mchana kweupe: tuongelee uungwana kwenye mashindano ya roboti ya wanafunzi

Baba Mapacha (mleta mada)

Wakuu, heri ya wikiendi. Mimi mtu wa Tanga, niko huku Michigan mwaka wa 14 sasa nabeba boksi kama wengine. Binti yangu ana miaka 16, mwaka jana kajiunga na klabu ya roboti shuleni kwao na mimi nikawa mzazi wa kubeba: kubeba betri, kubeba meza, kubeba pizza. Betri moja tu ni kilo sita, na wanakwenda nazo nane.

Kwa wasiojua hii kitu, kuna shirika linaitwa FIRST, alilianzisha Dean Kamen mwaka 1989, yule mvumbuzi wa Segway, kile kigari cha magurudumu mawili cha kusimamia. Mashindano yao ya kwanza yalikuwa 1992 huko New Hampshire, timu 28 tu. Siku hizi wanafunzi wa sekondari wanatangaziwa mchezo mpya kila Januari, wanaunda roboti ya kilo hamsini na kitu, wanakwenda kucheza. Roboti tatu nyekundu, tatu bluu, dakika mbili na nusu hivi, mwanzoni roboti inajiendesha yenyewe kisha watoto wanashika rimoti. Kelele yake ni kama Simba na Yanga ila kwenye jimu.

Sasa sikieni. Tumebakiza kama dakika ishirini mechi yetu iitwe, cheni ya mkono wa roboti ikakatika. Sio kulegea, kukatika, vipande viwili na pingili nyingine hazijulikani zimerukia wapi. Ni zile cheni ndogo wanaita namba 25, akiba yetu tulishaimaliza asubuhi. Binti kakaa chini sakafuni kainamisha kichwa, mimi na uzee wangu sina la kusema zaidi ya pole mwanangu.

Mwenzao mmoja akakimbia kwenye meza ya wasimamizi, mara spika ikatangaza timu namba fulani inaomba cheni namba 25 na kifaa cha kutolea pini. Sidhani kama dakika mbili zilipita, wakaja watoto watatu wa timu tatu tofauti wanahema, mmoja kavaa cheni shingoni kama mkufu wa bibi harusi. Fulana yake nikaitambua. Ndio timu tuliyokuwa tunakwenda kucheza nayo mechi hiyo hiyo! Wao nyekundu sisi bluu, na wao walikuwa wa kwanza kwenye jedwali, sisi wa 31 kati ya 38.

Kapiga goti, nywele kapaka bluu, anahesabu pingili kwa midomo bila sauti, akikosea anaanza upya. Pini ya kwanza ikamchubua kidole, damu, akajifuta kwenye suruali akaendelea. Binti yangu anamshikia upande wa pili na koleo. Hakuna maongezi, ni "vuta", "legeza", "bado moja". Nikampa juisi akasema asante hapana anko (huku hawasemi anko, lakini mmenielewa). Kamaliza, kakimbia kwao kuvaa miwani, kasimama upande wa pili wa uwanja, wakatufunga 112 kwa 47.

Haijaisha. Baada ya mechi binti kaenda kurudisha kipande kilichobaki, kama futi moja hivi. Wakamwambia kaa nacho, mchana kuna mtu atakihitaji. Saa tisa spika ikatangaza timu nyingine inaomba cheni namba 25, na binti yangu alitoka mbio hata namba ya timu haijamalizwa kutajwa.

Mimi nimecheza mpira Tanga enzi zangu, mpinzani akikatika kamba ya kiatu ulikuwa unamshukuru Mungu. Hawa wanafundishwaje? Wenye visa leteni, wa huku na wa nyumbani. Na wanaosema ni maigizo nao karibuni.

Sina Haraka

Mkuu stori tamu ila tusidanganyane. Haya mashindano yana tuzo za tabia, na tuzo yao kubwa kuliko zote hata haiendi kwa roboti iliyoshinda. Ukimwekea mtoto zawadi ya kuwa mwema atakuwa mwema mpaka jioni, kesho yake anarudi kuwa mtoto. Pili, kwenye mtoano timu za juu si ndio zinachagua wenzao wa kucheza nao? Basi huyo dogo wa cheni alikuwa anatafuta kura. Mimi nimekaa pale.

Karanga Mbichi

Hahaha Sina Haraka hata harusini anahesabu nyama. Natafuta siti ya mbele.

Baba Mapacha

@Sina Haraka anayechagua ni wa juu, anayeomba kura ni wa chini. Dogo katoka timu ya kwanza kaja kwa timu ya 31, alikuwa anataka kura ya nani? Na sisi tusingetokea uwanjani wangecheza watatu kwa wawili, ushindi wa bure.

Baridi Kali

Niko Minnesota, mwaka wa sita huu nawasaidia watoto upande wa umeme wa roboti, ngoja niongee kidogo maana Sina Haraka kagusa kitu cha kweli ila kakigusa mkiani.

Hilo wazo lina mwenyewe. Anaitwa Woodie Flowers, alikuwa profesa MIT, kile chuo cha teknolojia cha Marekani, alifariki 2019. Miaka ya 70 alikuwa na somo pale, kila mwanafunzi anapewa mfuko wa takataka zilezile, waya, springi, vipande vya mbao, aunde mashine ishindane na ya mwenzake mbele ya watu. Ndiye aliyewaletea FIRST yale maneno yao mawili ambayo mimi kwa Kiswahili nayaita umahiri wenye uungwana, maana yake shindana mpaka jasho la mwisho ila usimvunjie mtu heshima. Na kipimo chake kilikuwa rahisi, fanya kitu ambacho bibi yako angekuwepo angejivunia. Mzungu huyo lakini hapo kaongea kama mtu wa Bumbuli.

Lakini wale watu ni mainjinia, hawakuacha jambo kwenye mawaidha, wakaliingiza kwenye sheria za mchezo. Kuanzia 1999 ukawa unacheza na mwenzako dhidi ya wengine, baadaye wakawa watatu, na mechi zinapangwa kwa kuchanganywa. Kwa hiyo uliyemfunga saa nne asubuhi saa sita ni mwenzako, roboti yake ikiwa mbovu mnalala wote. Hapo hata ukiwa na roho ya korosho unaazima spana. Mwaka 2001 waliondoa mpinzani kabisa, roboti nne uwanjani zinacheza pamoja! Kuna miaka pointi za mshindi za kupanda kwenye jedwali zilitokana na magoli ya aliyefungwa, ukimfunga mtu hamsini kwa bila umejipunja mwenyewe. Na 2012 kulikuwa na daraja jeupe katikati ya uwanja, roboti moja nyekundu na moja bluu zikipanda zikatulia sambamba, kila upande unapata pointi sawa na za kushinda mechi. Nimeona video zake, roboti mbili za wapinzani zinabembea pale juu kama watoto kwenye ubao, jimu zima limeshika pumzi.

Sasa haya nayo yana vituko vyake. 2010 mchezo ulikuwa wa mipira, na ukifungwa ulipewa pointi sawa na magoli ya aliyekufunga. Watu wakapiga hesabu: kama sisi dhaifu, si bora tumsaidie mpinzani afunge mengi? Ikawa roboti zote sita zinafunga kwenye magoli ya upande mmoja. Watu waligombana, hadi leo ukitaka kuharibu chakula cha mchana cha wazee wa roboti taja 2010. Ni sheria ilifuatwa, lakini ule haukuwa uungwana, ilikuwa hesabu.

Kwa hiyo Sina Haraka ana haki nusu. Pointi zinaweza kukuleta mezani. Ila hakuna aliyewahi kupewa pointi kwa kuchubuka kidole kwenye banda la mwenzake, refa hayupo kule.

Ticha Chaki

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu Moshi, nafundisha fizikia na jioni tuna klabu ya roboti za LEGO, ile ligi ya wadogo, FIRST LEGO League. Huku kwetu @Baridi Kali refa yupo na anaandika kabisa! Kila mechi ya mezani ikiisha anaangalia watoto wamejibeba vipi, walimsalimia jirani, walimpigia kelele mwenzao aliyekosea, anaweka 2, 3 au 4. Sina Haraka utafurahi. Mimi watoto wangu niliwaambia mwanzoni, msicheke cheke na refa, anajua.

Ila kisa changu ni cha nje ya meza. Tulisafiri na basi la usiku kwenda Dar, tumefika Ubungo alfajiri, watoto macho mekundu, tumefika ukumbini tunafungua begi, waya wa kuunganisha roboti na laptopu umebaki Moshi kwenye droo yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga na kufuli ili usiibiwe. Na laptopu yetu ya shule ikawaka, ikazima, haikuwaka tena.

Nikaanza kutembea banda hadi banda kama mtu anayeomba chumvi. La tatu ni shule moja ya pale Dar, watoto wenye vifaa, unajua wale wa viyoyozi, nilikuwa nimeshawachukia tangu mlangoni sisemi uongo. Katoto ka kike kama miaka 12 kakasema ticha leteni roboti yenu hapa. Kakatupa kiti, kakatupa laptopu yao moja kati ya mbili, kakamwonyesha kijana wangu pa kuandikia programu, kakafungua faili kakaliita WAGENI_USIFUTE. Tulishinda tunapokezana laptopu mpaka saa kumi.

Mwaka uliofuata tumerudi, tuna waya mitatu safari hii nimejifunza. Kijana wangu kapita kuwasalimia. Kanijia anacheka, ticha lile faili bado lipo.

Mtu wa Ngong

Aisee hiyo ya faili imenimaliza. Wacha niongeze ya kimataifa coz watu wamesahau 2017.

FIRST Global, yale mashindano ya roboti ya nchi kwa nchi, ya kwanza ilikuwa Washington Julai 2017, nchi zaidi ya 150, Afrika Mashariki pia tulikuwa. Timu ya wasichana sita wa Afghanistan kutoka Herat ilinyimwa viza mara mbili, na kila mara walisafiri mpaka Kabul, kama kilomita mia nane hivi. Hata vifaa vyao vilikwama forodhani miezi, wakabaki na kama wiki mbili za kuunda kitu wengine waliunda miezi minne. Dunia ikapiga kelele mpaka rais wa Marekani akaingilia wakaruhusiwa, wakaondoka na medali ya fedha ya ujasiri. Hiyo iliandikwa na kila gazeti.

Ambayo haikuandikwa sana ni ya Iran. Kwa sababu ya vikwazo vifaa havikuweza kutumwa kwao kabisa. Sasa wanafunzi wa shule moja ya sekondari Virginia, klabu ya roboti tu kama ya mtoto wa Baba Mapacha, wakawaundia roboti ya kuchezea. Hebu fikiria, nchi mbili zinatupiana maneno kwa televisheni kila jioni, na wewe una miaka 16 unakaza nati ya roboti itakayobeba bendera ya Iran. Nani alikuwa anawapa pointi hapo? Hao hata hawakuwa washiriki.

Karanga Mbichi

Mwaka huo huo si ndio wale watoto wa Burundi sita walipotea baada ya mashindano? Wawili wakaonekana wamevuka kwenda Canada.

Mtu wa Ngong

Ndio hao. Hiyo ina uzi wake bana, tusiuhamishe huu.

Sina Haraka

Nimewasoma wote. Ya Virginia sina jibu, nakiri. Lakini naomba niwaambie kwa nini nina mdomo mchungu.

Miaka miwili iliyopita vijana wa mtaani kwetu niliwasindikiza kwenye shindano moja hapa mjini, jina naliacha. Vijana wenyewe wamejiundia kwa mota za printa mbovu na mbao za kreti za soda. Banda la jirani kuna timu imekuja na mtaalamu wao kabisa, baba mtu mzima kashika laptopu anaandika programu, watoto wao wako kwenye simu. Vijana wetu wakaomba kuchomeka chaja kwenye soketi yao kwa sababu upande wetu umeme haukufika. Yule baba akasema hii ni soketi ya timu, kaombeni waandaaji. Waandaaji wanasema subirini. Tumesubiri mpaka mechi mbili zimepita. Jioni hiyo timu ikapewa cheti cha "moyo wa ushirikiano", nimekiona kwa macho yangu, watoto wameinua juu wanapigwa picha na yule baba katikati. Ndio maana mtu akiniambia uungwana wa mashindano nauliza, mbele ya nani?

Baba Mapacha

Daah. Pole sana mkuu. Sina la kuongeza hapo.

Bibi Chuma

Mimi niko katikati ya nyie wawili. Nina wajukuu wawili kwenye ligi ya LEGO hapa Arusha. Msimu wa 2024/25 uliitwa SUBMERGED, mambo ya bahari, na katikati ya meza mbili kulikuwa na kanyambizi kadogo unakosukumia upande wa jirani unapata pointi. Mjukuu wangu mdogo alikuwa hajui habari ya pointi, yeye alidhani ni zawadi. Kila mazoezi akikasukuma anasema "karibuni". Kaka yake akamwambia sio zawadi ni pointi kumi, akanuna siku mbili. Sijui nani kati yao alikuwa sahihi lakini siku ya shindano alisema "karibuni" na meza ya jirani wakajibu "asante". Kaka mtu kanuna.

Namba Kumi

Nimekuwa msomaji tu humu, leo ngoja niandike maana Sina Haraka kanigusa pabaya.

Mimi ndio nilikuwa upande wa pili wa soketi. Sio hiyo yako, nyingine, lakini ni ileile. Nilikuwa kidato cha tano, nahodha wa timu, shule yetu ina vitu. Jamaa wa shule nyingine akaja, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, kasimama nje ya utepe wa banda letu, hakuvuka. Akauliza kama tuna betri ya kuazima ya mechi moja. Tulikuwa na tatu zimejaa. Ziko mezani, taa za kijani zinawaka, yeye anaziona na mimi naona kwamba anaziona. Nikamwambia hatuna. Akasema sawa kaka, asante. Kaka. Tulikuwa rika moja.

Halafu mechi yao nikaiangalia. Roboti ilisogea kama mita moja ikafa. Wakasimama pale mstarini muda wote uliobaki, hakuna aliyeondoka, yule jamaa kashika rimoti ameielekeza kwenye roboti kama vile bado inasikia. Mwisho wakaibeba wawili kutoka nje.

Tulichukua nafasi ya pili. Mwalimu wetu hakujua, wenzangu wawili walijua na hatujawahi kuiongelea. Sasa niko chuo mwaka wa tatu, nikienda kujitolea kwenye haya mashindano naombaga meza ya vifaa vya kuazima. Sio kwamba nimekuwa malaika. Siwezi tu kukaa sehemu nyingine ya ukumbi.

Ticha Chaki

Kaka asante kwa kuandika. Huyo jamaa hujawahi kumtafuta?

Namba Kumi

Najua shule yake tu. Hapana sijamtafuta ticha.

Sina Haraka

@Namba Kumi nimesoma mara mbili. Yule baba wa soketi sijamsamehe bado lakini wewe nimekusikia.

Baridi Kali na Baba Mapacha, niwaulize kitu cha fundi. Wale vijana wangu wa mbao za kreti bado wapo, sasa wanakuja uani kwangu kila Jumamosi na mke wangu anawapikia, msiulize. Mkono wao wanauzungusha kwa mpira wa tairi la baiskeli unateleza kila siku. Hiyo cheni namba 25 mnayosema, hapa Kariakoo mtu anaipataje?

Baridi Kali

Usiulize kwa jina hilo watakutazama tu. Nenda kwa wauza spea za pikipiki uulize cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini, sio ya tairi. Zile injini ndogo za cc 70 mpaka 110 nyingi zinatumia 25H, geuza pembeni ya pingili huwa imechapwa. Gia zake ndio kazi, itabidi mtoe kwenye injini iliyokufa.

Sina Haraka

Injini iliyokufa ninayo.

Baba Mapacha

Kifaa cha kutolea pini je?

Sina Haraka

Msumari na nyundo mkuu, hapa ni Bongo.

Baba Mapacha

Binti kasoma uzi huu juu ya bega langu (Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kaelewa). Anasema msumari utapinda pingili. Anasema ana vifaa viwili, kimoja alipewa na yule dogo wa nywele za bluu siku ya mwisho, anauliza nani anakuja Dar mwezi wa saba.

Bibi Chuma

Mwanangu yuko Detroit, anakuja tarehe 9. Nakutumia namba pembeni.